Neno la Mwisho la Malkia wa Wagga

Kwetu mchezo wa nyimbo hauhesabiwi kuwa mchezo mpaka malkia wake ateremke melini kutoka London. Unaweza ukaimba mpaka koo likachanika, ukacheza mpaka soli za viatu zikatoboka, lakini kama umezaliwa Ballarat na baba yako ni mchimba dhahabu aliyeishia kupata kikohozi tu, basi nafasi yako ni mstari wa nyuma, na mkononi utapewa mwavuli wa karatasi. Mimi, Dulcie Trembath, nilishika miavuli ya karatasi kwa miaka mingi. Nilishika pia makasia, matari, vikapu vya maua, na safari moja huko Adelaide nilishika samaki wa mbao. Sikulalamika. Haya, nililalamika kila siku, lakini sikuacha.

Mwaka huo kampuni yetu ya Melbourne iliamua kutengeneza mchezo wa nyumbani, wenye stesheni ya nyumbani na miti ya nyumbani, ukaitwa Malkia wa Wagga. Ni habari ya msichana anayemimina chai katika chumba cha chai cha stesheni ya Wagga Wagga. Abiria wanamdhania ni malkia wa nchi ya mbali anayesafiri kwa siri, na yeye, badala ya kuwasahihisha, anaona si vibaya kuwa malkia siku mbili tatu. Luteni mmoja wa manowari anampenda. Ukweli unafichuka, watu wanaumbuka, wanaimba, na mwishoni kabisa luteni anapiga goti katikati ya masanduku ya abiria na kumuuliza kama atakubali kuolewa naye. Msichana anajibu, "Ndiyo." Hapo okestra inalipuka, sote tunaimba, pazia linashuka.

Malkia aliagizwa London kama kawaida. Mwanamke wa watu akapanda meli, akakutana humo na bwana mmoja mwenye kondoo wasio na idadi, na meli ilipofika Adelaide wakashuka pamoja, wakaenda zao kufunga ndoa. Telegramu ilitukuta tunapimwa magauni. Bwana Pettifer, mkurugenzi wetu, aliisoma, akaketi juu ya keki ya harusi ya mbao, akatutazama mmoja mmoja.

"Trembath," akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino. "Wewe ndiye wa akiba. Unaijua sehemu ya malkia?"

"Naijua mpaka anapovuta pumzi, Bwana Pettifer."

"Basi Mungu atusaidie," akasema, akainuka.

Hivyo ndivyo nilivyoupata umalkia. Queenie Bloxham, aliyekuwa akishika mwavuli kando yangu tangu tulipokuwa wembamba, alinikumbatia, akalia, kisha akaniambia nikianza kujisikia atanimwagia chai ya moto, na si ya jukwaani.

Sasa niseme habari za Wilf.

Wilf Strachan alipiga tarumbeta katika okestra yetu. Alikuwa mrefu, mwenye masikio makubwa na subira ya kuudhi. Alitoka Gippsland, kwenye ng'ombe wa maziwa na ukungu, akaja mjini kwa sababu ya tarumbeta hiyo, na tulikuwa tumependana kwa muda mrefu hata watu walishaacha kututania. Mchana, mazoezi yanaposimama, tulikuwa tukipanda kwenye dari ya kuhifadhia magauni. Ilikuwa na dirisha la kioo kwenye paa, na joto la Desemba lilitulia humo pamoja na harufu ya kafuri na poda ya zamani. Mimi nilijilaza juu ya makoti ya wanajeshi wa michezo iliyokufa. Yeye aliziba mdomo wa tarumbeta kwa kofia yake, akapiga polepole nyimbo zangu, ili nizisikie nikiwa nusu usingizini. Vumbi lilielea kwenye mwanga, magauni yakayumba bila upepo, na nilihisi kwamba kama sitajitikisa, mchana ule hautakwisha kamwe. Sijapata kuwa na raha kama ile tena, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi.

Wiki ileile niliyopewa umalkia, kaka yake Wilf alivunjwa mguu na fahali. Baba yao alikuwa mzee. Wilf akatoa notisi: atapiga mpaka usiku wa ufunguzi, Jumamosi, na Jumatatu asubuhi atapanda treni ya kwao.

Aliniambia kule juu darini, kofia yake ikiwa bado ndani ya tarumbeta.

"Twende wote, Dulcie. Tufunge ndoa, twende."

"Na jukwaa je?"

"Ng'ombe hukamuliwa alfajiri na jioni. Hakuna treni ya kukufikisha mjini katikati ya hapo ukacheza na kurudi." Alikuwa mtu mkweli, shida yake ilikuwa hiyo. "Ukija, umeacha. Siwezi kukudanganya."

"Mpumbavu wewe! Ungenidanganya kidogo tu, ningekuja."

"Ndiyo maana sikudanganyi."

Kisha akaanza kunisimulia. Ukungu wa kwao hulala bondeni kama maziwa kwenye sufuria, alisema, na ng'ombe huja kutoka ndani yake, kwanza unasikia kengele, halafu pua, halafu ng'ombe mzima. Mama yake alipanda waridi ukutani na bado yanachanua bila mtu kuyashughulikia. Kuna kinanda sebuleni, vitambaa vyake vya ndani vimeliwa na nondo kidogo. Nilifumba macho nikaliona bonde lote, limechorwa vizuri kwenye kitambaa, na taa ya manjano ikiwaka taratibu nyuma yake. Kila nilipojaribu kuliona bila taa ile nilishindwa.

Nilimtaka Wilf. Nilitaka na umalkia. Nilivitaka vyote viwili kwa moyo mmoja, na nikawa mtu wa kuchoma mkate na kusahau viatu kwenye tramu.

Hapa lazima uijue desturi yetu, ama sivyo utaniona nina wazimu. Katika michezo, neno la mwisho kabisa halisemwi kwenye mazoezi. Unasema yote, unafika pale, unanyamaza. Linatunzwa mpaka usiku wa ufunguzi, mbele ya watu. Ukilisema mapema, umeumaliza mchezo kabla haujaanza, na mchezo wenyewe utakufa kweli. Kila kampuni ina kisa chake. Sisi chetu kilikuwa cha bwana mmoja wa Bendigo aliyejifanya msomi, akalisema neno la mwisho siku ya Jumatano, na Alhamisi paa likaingia ndani na njiwa wake wote. Cheka utakavyo. Hata Bwana Pettifer, asiyemwogopa askofu, alikuwa akifika ukurasa wa mwisho anaufunika kwa mkono.

Basi neno letu la mwisho lilikuwa ni lile "Ndiyo" langu. Kila siku Bwana Aubrey Fenn, luteni wetu, ambaye yeye kwa kweli aliteremka melini kutoka London, alipiga goti, akaniuliza kwa uchungu mkubwa kama nitaolewa naye, nami nikamtazama kimya. Na pale chini, ndani ya shimo la wapiga muziki, Profesa Riedel, kiongozi wetu wa okestra, mzee wa Kijerumani mwenye nyusi nzito, alisubiri neno lisilokuja. Siku za kwanza alihesabu moyoni nafasi ya neno. Baadaye joto likamchosha. Fenn akifunga mdomo tu, fimbo inashuka, na tarumbeta ya Wilf inaingia ya kwanza, peke yake, kwa nguvu, ndipo wengine wafuate. Tulifanya hivyo asubuhi na mchana mpaka ikawa ni kitu cha mwili, kama kupepesa macho.

Siku moja Wilf akanicheka. "Yule naye anakuuliza kila siku, unamtazama tu. Angalau siko peke yangu."

"Yeye atajibiwa Jumamosi."

"Na mimi?"

Sijui niliwaza nini. Labda sikuwaza. "Na wewe Jumamosi. Sikiliza. Nikifika kwenye neno lile, kama nimekubali, nitalisema huku nimekuangalia wewe shimoni. Nikimwangalia Fenn, basi ni mchezo tu, nimebaki."

"Dulcie, mimi nakaa nimeligeuzia jukwaa mgongo. Sote wa vyombo vya shaba tumeligeuzia mgongo."

"Basi geuka."

Akafikiri. Mpiga muziki hageuki kutazama jukwaa. Profesa Riedel alishamfukuza mtu wa zumari kwa kosa hilo. "Nitageuka," akasema. "Nitasikia sauti ya Fenn ikikoma, nitageuka, nitakuona, halafu nitapiga."

"Na huwezi kuniuliza tena kabla ya hapo."

"Sikuulizi."

Hakuuliza. Subira yake ile ya kuudhi. Queenie nilipomweleza alinitolea macho.

"Shoga, unampa mwanamume jibu kwa njia hiyo? Kwa nini usimwambie kama binadamu, pale kwenye ngazi?"

"Kwa sababu sijui jibu."

"Utalijua Jumamosi?"

"Nikilisema nitalijua."

"Toba!" akasema Queenie, akaendelea kushona shanga zake.

Jumamosi ilikuja na upepo wa moto kutoka kaskazini. Tangu asubuhi wasichana wa roshani ya juu walikuwa wameketi kwenye ngazi za kichochoroni, wakisubiri milango. Roshani ile, iliyo karibu na paa, sisi tuliiita mbinguni, na wasichana wale walikuwa watu wa mbinguni. Walitoka kwenye viwanda vya biskuti na vya mashati. Walileta sufu za kufuma, mikate ya nyama ya kondoo na chupa za chai baridi, wakaimba kwa sauti mbili nyimbo zote za michezo iliyopita, nyingine nilizoimba mimi mstari wa nyuma. Ukimpata mtu wa mbinguni akakupenda, umepata ndugu. Akikuchukia, hama mji.

Nilipita katikati yao nikiingia. Msichana mmoja mwenye kofia nyekundu na jino lililokatika akanidaka sketi.

"We dada, ndiwe wa kwetu? Ndiwe wa Ballarat?"

"Ndimi."

"Usituangushe, mwenzangu! Tumewaambia watu wa kiwanda cha mashati twende tukakuone. Wanasema wa hapa hawezi."

"Hawezi nini?" akadakia mwingine. "Kusimama tu kama wao wa London, kununa, na kuvaa manyoya? Hata paka wa shangazi anaweza!"

Walicheka wote mpaka sindano zikawadondoka. Nami nilicheka nao, nikaingia.

Ya usiku ule nayakumbuka kama ndoto ya mchana, ile unayojua unaota na hutaki kuamshwa. Niliketi mbele ya kioo, Queenie akanifunga vifungo vya mgongoni. Kupitia ukutani nikasikia watu wakiingia ukumbini, mvumo tu, kama mvua iliyo mbali. Kisha nikawa kwenye stesheni ya Wagga Wagga. Anga lilikuwa la buluu isiyopata kuonekana popote. Maua ya njano ya mikaratusi yalikuwa ya karatasi, nami ningeapa nayanusa. Treni ya mbao ilisimama pale bila haraka ya kwenda kokote. Nilishika buli tupu, nikamimina chai ambayo haikuwepo, na niliuona mvuke wake.

Niliimba wimbo wa kwanza nikasikia mtu akiuimba ndani yangu bila kunitaka msaada. Watu wakacheka pale nilipokuwa nimepanga wacheke, na pale ambapo sikupanga. Mbinguni walinipigia miguu nikaurudia wimbo wa vikombe, wakanipigia tena nikaurudia tena, na mara ya tatu nilinyamaza nikawanyoshea mkono, wakauimba wao kiitikio chote kutoka gizani, mamia ya wasichana wa biskuti na mashati, sauti mbili, safi. Profesa Riedel aliwafuata kwa fimbo kama waimbaji wa kanisani. Nilisimama nikipepewa na sauti ile usoni. Wakati wote huo niliiona shingo ya Wilf pale chini, na masikio yake, yakiwa mekundu kwenye mwanga wa taa za mbele ya jukwaa. Kila nilipokuwa na pumzi ya ziada niliitazama shingo ile, na nilijua nampenda.

Tukafika mwisho. Fenn akapiga goti kati ya masanduku. Alianza kuniuliza, na hotuba yake ilikuwa ndefu, na ndani ya urefu wake mimi nilifanya uamuzi. Nilimwona Wilf akifika nyumbani peke yake, akiondoa kofia yake ndani ya tarumbeta na kuitundika mlangoni. Roho ikaniuma kuliko kawaida. Nikasema moyoni, basi, nitakwenda. Nitajifunza ng'ombe. Watu hujifunza.

Fenn akafunga mdomo. Nikageuza uso, nikaangalia chini shimoni, nikaitazama ile shingo ambayo ingegeuka sasa hivi, nikasema, "Ndiyo."

Nililisema kwa sauti yangu ya kawaida, ile ya darini.

Na fimbo ya Profesa Riedel ilikuwa imekwisha kushuka. Mzee wa watu hakukusudia. Mkono wake ulikuwa umezoea kwamba Fenn akinyamaza hakuna kinachofuata. Na Wilf, ambaye alishaanza kugeuza bega, midomo yake nayo ilikuwa imezoea. Fimbo ilishuka, mwili wake ukarudi mbele wenyewe, tarumbeta ikapanda, na sauti ile kali ya dhahabu ikatoka peke yake ikalifunika neno langu lote. Hakuna aliyelisikia. Hata Fenn, aliyekuwa chini ya kidevu changu, hakulisikia. Wilf mwenyewe ndiye aliyelizima.

Sasa nitasema nililolihisi, na sikulitarajia. Nilishusha pumzi. Neno lilipozama kwenye sauti ile, kifua changu kilifunguka, kama mtu aliyeteleza ukingoni mwa mto akajikuta bado amesimama. Nilisimama pale na uso wangu wa malkia, waimbaji wakikimbia kujipanga kwa wimbo wa mwisho, na nilikuwa na furaha ambayo ilinitisha.

"Hajajibu!"

Sauti ilitoka mbinguni. Ilikuwa ya kofia nyekundu, ningeijua popote.

"Simamisheni! Hajamjibu!"

"Jibu!" wakaanza wengine. "Tunataka jibu! Jibu! Jibu!" Wakapiga miguu mpaka vumbi la dari likatushukia mabegani kama unga. Watu wa viti vya chini, wenye kola ngumu, wakageuka kutazama juu, halafu nao wakaanza kucheka na kupiga makofi. Okestra ikapwaya. Violini moja iliendelea peke yake kidogo, ikaona haya, ikanyamaza.

Profesa Riedel akateremsha fimbo. Akanitazama kwa nyusi zake zote mbili, akaelewa alichofanya, akaweka mkono kifuani kuniomba radhi. Kisha akamwinamia Fenn kwa adabu: rudia, bwana.

"Je," akasema Fenn, aliyekuwa bado amepiga goti na goti limeanza kumuuma, "utakubali kuwa mke wangu?" Hotuba yote aliitupa.

Ukumbi mzima ukanyamaza.

Sijui kukueleza kimya kile. Nimeishi ndani ya kelele maisha yangu yote. Hakuna aliyekohoa. Juu kabisa niliona nyuso zimeegemea reli, na mikono iliyoshika sufu imetulia. Wote hao, waliosimama mashineni juma zima, walikuwa wananisubiri mimi niseme kitu kimoja, na walikuwa tayari kusubiri. Upepo wa moto uliugusa mlango wa nyuma ukauacha. Mwanga ulikuwa mzito, na ndani yake kila kitu kilikuwa karibu sana: treni, buli, maua ya karatasi. Nikahisi nipo nyumbani kwangu. Bonde la Wilf lilikuwa zuri, nami ningekuwa mgeni humo mpaka nife, nikimmiminia chai mtu mwema, nikisikiliza kama kuna mtu anapiga miguu juu.

Wilf akageuka. Safari hii aligeuka mzima, mbele ya Profesa, mbele ya watu wote, tarumbeta mapajani, akaniinulia uso wake.

Nilimwona bila kumwangalia. Shingo yangu ilitaka kwenda kwake, niliisikia ikitaka. Nikapiga moyo konde. Nikamtazama Bwana Aubrey Fenn katikati ya macho yake ya London, nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo, nikasema mpaka likagonga paa:

"Ndiyo!"

Mbinguni walipiga yowe. Kofia zilirushwa. Na Wilf akarudi mbele, akaweka tarumbeta mdomoni, akaitazama fimbo, akapiga. Nilingoja ikwaruze, hata kidogo. Haikukwaruza. Ilitoka safi kuliko siku zote, akaishikilia ile sauti mpaka mwisho wa pumzi yake, ndipo wengine wakaingia. Niliimba na machozi yakinichuruzika juu ya rangi, na magazeti ya Jumatatu yakasema Bi Trembath anajua kulia kwa furaha.

Jumatatu hiyo asubuhi nilikwenda stesheni. Sikujua kama ninapaswa, nikaenda hivyo hivyo, na keki ya zabibu ndani ya karatasi. Kulikuwa kumepoa, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Wilf alikuwa amesimama kando ya behewa lake na sanduku la tarumbeta miguuni. Alikubali nimbusu shavuni, akaipokea keki, akainusa.

"Umeioka wewe?"

"Queenie."

"Basi inalika."

Tukacheka. Tukatazama watu wakipandisha mizigo. Alikuwa amevaa koti nisilolijua, la shamba, lililombana mabegani, na nikaona kwamba amekwisha kuondoka kidogo.

"Dulcie," akasema. "Barney wa tromboni anakaa pembeni, huwa anaona ubavu wa jukwaa. Anaapa kwamba mara ya kwanza, kabla ya wale wasichana kupiga kelele, uligeuka ukatuangalia shimoni. Anasema mdomo wako ulifunguka." Alikuwa akiikunja na kuikunjua kona ya karatasi ya keki. "Mimi nilikuwa napiga. Sikusikia. Ulisema kitu?"

Mlinzi wa treni alikuwa akifunga milango kutoka mbele, mmoja mmoja, akija kwetu. Wilf alinitazama kwa subira yake. Nilijua nikimwambia ukweli hatalipandisha sanduku lile. Atampigia baba yake telegramu, atakaa mjini wiki, atakaa mwezi, akiningoja nilirudie neno ambalo nilishalisema na sikulitaka, na ng'ombe watalia kule bondeni, na hatanidai kamwe. Angengoja mpaka azeeke.

"Sikusema kitu," nikajibu. "Nilisahau neno."

"Neno moja, Dulcie?"

"Neno moja. Lilinitoka."

Alinijua mimi, alijua kwamba katika maisha yangu sijapata kusahau hata mstari wa mtu mwingine. Mlinzi akatufikia. Wilf akaokota sanduku lake, akapanda, akaketi upande wa dirisha, akaweka keki magotini.

"Hutokea," akasema.